Farasi Aliyerudi Bandani Peke Yake

Ballyhane, Tipperary
15 Oktoba 1978

Dada Dympna,

Salamu kutoka nyumbani. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba wagonjwa wa Boston hawakuchoshi zaidi ya kawaida. Sisi hatujambo. Nyonga ya Mama inamsumbua asubuhi, lakini akishazunguka jikoni mara mbili tatu inamwachia. Mbweha amekula kuku wawili. Mama anasema ni mbwa wa akina Foley, kwa sababu mbweha hana jirani wa kugombana naye. Mvua ni ile ile uliyoiacha.

Misa ya ukumbusho wa Colman itakuwa tarehe tisa mwezi ujao. Mwaka wa pili sasa, siku hazigandi. Padri aliniuliza kama utakuja, nikamwambia uko kazini. Akasema, "Hata mwaka jana alikuwa kazini." Nikamwambia huko Marekani kazi ni nyingi, akaniacha.

Mimi bado niko bandani kwa Bwana Prendiville. Nina farasi watatu kama kila mtunzaji pale: jike mmoja mkorofi, dume mmoja mwenye kifua kibaya, na yule unayemjua. Yule ameshinda mara mbili tangu Septemba. Picha yake iko dukani kwa muuza nyama, iko kwa muuza dawa, na shuleni sista amewaambia watoto wamchore. Gazeti la Dublin linasema hajatokea mruka viunzi kama yeye tangu Vita Kuu ya Pili. Huenda ni kweli. Akishinda watu hukumbatiana hata na wasiojuana, na mimi nasimama katikati yao na ndoo. Namfuta jasho, namnywesha maji, nampandisha kwenye lori. Sisikii kitu, si furaha wala uchungu. Nadhani huo ndio uzee.

Mama anakusalimu. Tuandikie.

Mdogo wako,
Malachy


Boston
4 Novemba 1978

Mdogo wangu Malachy,

Nimefurahi kupata barua yako. Mimi ni mzima. Baridi imeanza, na mwenye nyumba anawasha mashine ya joto pale anapokumbuka. Mwambie Mama asipande ngazi ya darini, akuachie wewe. Nimemtumia dawa ya kuchua, iko ndani ya soksi za kijivu, asije akazivaa nayo.

Sasa nikuulize. Unaandika "yule unayemjua" kana kwamba ni mjomba aliyefungwa jela. Ana jina. Mbioni anaitwa Carrigeen na bandani mnamwita Jimmy. Asubuhi ya tarehe tisa Novemba, miaka miwili iliyopita, alisimama ghafla katikati ya mbio za mazoezi, akamrusha mdogo wetu mbele, Colman akavunjika shingo akiwa na miaka ishirini na miwili. Kisha farasi akarudi bandani peke yake, akaanza kula. Hayo uliniandikia wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Nataka umwache. Sisemi uache kazi, maana najua hujui nyingine. Prendiville ana farasi arobaini. Mwambie akupe mwingine, yule ampe mtu ambaye hajamzika ndugu yake kwa ajili yake. Je, Mama anajua kwamba wewe ndiye unayemlisha? Ukimaliza kumpiga brashi ukarudi kwake Jumapili, anakupa chai kwa mkono gani?

Jambo moja nitakuambia, usicheke. Kwenye baa ya watu wa Kerry hapa mtaani wamebandika picha yake ukutani, imekatwa gazetini. Wazee wanne walikuwa wanabishana kama angemshinda bingwa fulani wa zamani, mezani wamepanga viberiti kuwa viunzi. Niliingia kumuulizia rafiki yangu chumba cha kupanga. Nikasimama na koti mwilini nikawasikiliza mpaka mwisho. Sijui kwa nini.

Nijibu kuhusu kumwacha.

Dada yako,
Dympna


Ballyhane
29 Desemba 1978

Dada Dympna,

Heri ya Noeli, ingawa imeshapita. Samahani kwa kuchelewa. Shukrani kwa dawa na soksi. Mama alipika bata mzinga mkubwa kuliko watu waliokuwepo, tumemla siku nne, na leo amekuwa supu. Tuliweka sahani tatu, akaondoa moja, akairudisha kabatini. Misa ilikuwa nzuri. Walikuja wengi.

Uliuliza kama Mama anajua. Anajua. Kijiji hiki mtu akipiga chafya darajani, kanisani wanamwombea. Lakini hatusemi. Ni mambo ya funika kombe mwanaharamu apite. Nikifika ananiambia nivue viatu nje, basi, najua ananisikia harufu. Kwa miaka miwili jina la farasi halijatoka kinywani mwake. Redio ikianza habari za mbio, anaizima anakwenda kuangalia kuku.

Jimmy ameshinda tena juzi, kule Leopardstown. Jioni wakanivuta baani kwa Hanrahan. Unaikumbuka kwato ya bingwa wa zamani Old Sexton juu ya rafu, ile iliyotiwa shaba ikawa kidau cha wino? Mzee Jer Foley huigusa kabla ya mbio za kila Machi, tangu mwaka thelathini na moja. Akaigusa akanigeukia.

"Huyu hapa alikuwa farasi, Malachy! Huyo wako ni punda aliyebahatika."

"Basi punda amewaacha farasi kumi na wawili nyuma, Mzee."

"Old Sexton alishinda na kiatu kimoja kimetoka!"

"Mwaka jana ulisema viwili," Hanrahan akadakia. "Mpaka Pasaka atakuwa ameshinda amelala chali."

Walicheka mpaka Jer akakohoa. Kisha akanishika mkono, akaacha utani. "Nina miaka sabini na tisa," akasema. "Nilidhani nitakufa nikiwa nimeona mmoja tu. Sasa nimeona wawili." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Nilimtazama kama mtu anayetazama mvua akiwa ndani ya nyumba. Najua ni kitu kizuri anachokiona. Mimi nakiona pia, ila hakinifikii.

Wamekwisha panga. Akishinda mbio kubwa za Cheltenham kule Uingereza mwezi Machi, atatembezwa hapa kijijini kama walivyotembezwa mabingwa wote wa Ballyhane, kutoka darajani mpaka kanisani, na bendi mbele. Mtunzaji wake ndiye anayemshika hatamu. Ni desturi. Huwezi kutoka darajani kwenda kanisani bila kupita mbele ya nyumba yetu, unajua mwenyewe, mlango wa Mama unatazama barabara.

Kuhusu kumwacha, nitaandika siku nyingine. Nimechoka leo.

Malachy


Boston
14 Februari 1979

Mdogo wangu Malachy,

Hujambo? Mama je? Mimi ni mzima wa mwili. Theluji imefika madirishani na nafanya zamu za watu wawili kwa sababu wenzangu wanaugua mafua. Nimengoja hiyo "siku nyingine" wiki sita. Sasa naandika mimi.

Nakuomba jambo moja, dogo kuliko lile la kwanza. Mpige brashi, mlishe, mpeleke Cheltenham, ashinde. Lakini usimpitishe mbele ya mlango wa Mama. Geukia darajani, muende kanisani kwa njia ya shambani. Waambie wanakijiji kwato inamuuma. Waambie lolote. Sitaki Mama akae nyuma ya pazia asikie bendi ikimpigia yule, na kijana wake aliyebaki akiwa ameshika hatamu. Ukimpitisha, Malachy, sitaandika tena, na nitakuwa nimemaanisha.

Na kuna hili. Sikuwahi kumwambia mtu.

Asubuhi ile Colman ndiye aliyekuwa anipeleke Shannon kupanda ndege, unakumbuka. Gari alikuwa ameliosha. Wewe ulikuwa uende bandani kumpanda farasi wako kama kawaida. Halafu nikaja kwako kukuambia nataka unipeleke wewe, nikasema Colman anaendesha kama kichaa. Haikuwa hivyo. Tulikuwa tumegombana. Aliniambia, "Unamkimbia Mama, na pesa zako za kila mwezi hazimshiki mkono." Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Sikutaka kukaa naye saa moja na nusu ndani ya gari. Basi ukamwomba akushikie zamu, akampanda farasi wako, na mimi nikapanda ndege. Simu ya maandishi ilinikuta Boston. Niliisoma nimesimama na sanduku mkononi. Kesho yake nikaenda kazini. Sikuja kwenye maziko kwa sababu sikujua nitasimama upande gani wa kaburi.

Ndiyo maana siji, si kazi. Usimpitishe mlangoni.

Dympna


Ballyhane
27 Machi 1979

Dada Dympna,

Natumai u mzima. Sijapata neno lako tangu Noeli. Labda umekasirika, labda ni mgomo: posta nzima imefunga tangu katikati ya Februari, hata simu hazipiti, na wanasema barua zimejazana Dublin mpaka dirishani. Hii anaichukua Concepta Foley anayekwenda Birmingham kwa binti yake, ataitia posta huko. Ameapa hataifungua, kwa hiyo nimeibandika gundi mara mbili.

Mama hajambo. Kuku wapya sita.

Alishinda. Utakuwa umesikia, hata huko. Viunzi viwili vya mwisho nilikuwa nimesimama kwenye uzio na sikuona kitu, nilisikia tu sauti za watu zikipanda, na bwana mmoja Mwingereza aliyevaa vizuri akanishika mabega akinitikisa, akilia, "Umeona? Umeona?" Nikamwambia nimeona. Mtu yule atakumbuka siku ile mpaka kufa. Nilimwonea wivu kidogo.

Jumamosi tukamtembeza. Sikupata ushauri wa mtu, wala sikuomba. Nilijiambia kwamba pazia litakuwa limefungwa, tutapita, basi. Bendi ya shule mbele, padri, Bwana Prendiville na kofia yake, kisha mimi na Jimmy, kisha kaunti nzima. Watoto walikuwa juu ya kuta. Jer Foley alitolewa nje kwenye kiti chake. Wanawake walikuwa wanamgusa farasi ubavuni, kisha wanamgusisha mtoto mgongoni mkono ule ule.

Tulipofika kwetu bendi ikasimama. Si kwa makusudi, walikuwa wamefika kwa Hanrahan hapo jirani na wakaanza wimbo upya. Kwa hiyo tukasimama. Pazia lilikuwa wazi. Mama akatoka na aproni, mikono ina unga.

Dympna, bendi ikakatika, mmoja baada ya mwingine, tarumbeta ya mwisho ilikuwa ya mtoto ambaye hakujua kinachoendelea. Mama akashuka ngazi mbili, akasimama mbali kidogo, umbali wa meza. Akamtazama farasi kuanzia kwato mpaka masikio. Alimtazama muda mrefu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mama."

"Mbona mdogo hivi?"

Ni mdogo kweli, magazeti yanaandika kila siku, lakini Mama hayasomi. Miaka miwili na nusu amekuwa na mnyama mwingine kichwani mwake.

"Nilidhani ni mkubwa," akasema. Hakumgusa. Jimmy alinyoosha shingo kunusa unga, nikamrudisha. Kisha Mama akaniambia, "Umevaa shati lisilopigwa pasi mbele za watu," akaingia ndani. Bendi ikaanza. Tukaenda kanisani.

Jioni nilipofika tulikula mkate ule aliokuwa anaukanda.

Sasa nikujibu kuhusu kumwacha, maana nimelikwepa mara mbili. Wiki ile ya maziko Prendiville aliniita akaniuliza, "Nimuuze, Malachy? Sema wewe. Ukisema nimuuze, kesho anaondoka." Nikasema hapana. Sikufikiri hata kidogo. Nilikwenda bandani nikamkuta anakula, nikaweka kichwa ubavuni mwake. Nampenda yule farasi. Nimezika ndugu yangu na bado nampenda. Nilidhani nikikaa naye nitapata kumchukia pole pole. Sikupata. Nikakosa yote mawili, si chuki wala raha, ndiyo hiyo ganzi niliyokuandikia nikaiita uzee.

Na kuna lingine, ndilo hasa. Kila farasi ana kitu chake, na anayekijua ni mtunzaji wake. Cha Jimmy ni hiki: kwenye uwanja wa mazoezi kuna pengo katika ua, upande wa kushoto, ambapo zamani alitishwa na trekta. Kila siku akifika pale husimama kama aliyefungwa breki. Ukijua, unashika nywele za shingo hatua kumi kabla, unamsemesha, anapita. Mimi nafanya hivyo bila kufikiri, kama unavyoinama kwenye mlango mfupi wa nyumba yenu. Mtu akikupandia farasi wako, jambo la kwanza ni kumwambia kitu cha farasi. Ni sheria ya bandani, hata mlevi haisahau. Nilimwambia Colman shayiri iko wapi. Nilimwambia lijamu gani atumie. La pengo sikumwambia. Nilikuwa na haraka, wewe ulikuwa unapiga honi.

Hakuna anayejua isipokuwa wewe sasa.

Malachy


Ballyhane
6 Julai 1979

Dada Dympna,

Salamu. Mgomo umekwisha na barua zako tatu zimefika kwa mkupuo Jumanne, pamoja na kadi ya Pasaka, na bili mbili ambazo zingeweza kubaki Dublin. Hizi za Aprili na Mei nimezisoma. Unasema umepata ya Concepta. Unasema hunilaumu. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, ahsante.

Ile ya Februari sikuisoma wa kwanza. Anwani ni ya hapa nyumbani, na Mama aliifungua. Anasema bahasha ilikuwa imelowa ikafunguka yenyewe. Haijanyesha kwa siku tisa. Na wewe unajua Mama hasomi magazeti, lakini mwandiko wako anausoma.

Ningeipata kwa wakati, Dympna, ningegeukia darajani. Nakuambia kweli. Ningesema kwato inamuuma.

Nilifika Jumanne jioni nikaikuta mezani, imenyooshwa. Akaniambia nikae. Nikaisoma mbele yake. Nilipomaliza, nikaona si haki wewe peke yako uwe umesema, nikamweleza la pengo. Nilisema lote, hata la trekta. Alisikiliza huku anamenya viazi. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akasema, "Basi?" Nikasema basi. Akasema, "Ninyi wawili mna kiburi."

Nikamuuliza kiburi gani.

"Mnadhani ninyi ndio mlimpeleka. Colman alikuwa ananisumbua na yule farasi tangu Agosti. Kila jioni. 'Mama, Malachy hataki nimpande. Mama, mwambie Malachy.' Nikamwambia usiniingize kwenye mambo ya farasi."

Sikujua hilo. Mimi aliniomba mara mbili tu, nikamkatalia, nikadhani yameisha. Nadhani wewe pia hukujua. Ulidhani ulimnyima safari ya Shannon. Kumbe kwake ilikuwa ni zawadi.

Kisha akaweka kisu chini. Nakuandikia maneno yake kama alivyosema, kwa sababu aliniambia nikuandikie, na akakaa hapo nilipoanza kuandika mpaka akaona nimefika hapa.

"Alikuja chumbani kwangu saa moja asubuhi, kumeshaanza kupambazuka. Hakupiga hodi. Alikuwa ameshavaa kofia yake. Akaniambia, 'Mama, leo nampanda Jimmy.' Anacheka. Sijapata kumwona mtu amefurahi namna ile, hata baba yenu siku ya harusi. Akatoka mbio bila chai, akaacha mlango wa mbele wazi, upepo wote ukaingia. Nikampigia kelele kutoka kitandani. Nikamwambia yeye ni mpumbavu, amezaliwa kwenye zizi lisilo na mlango, arudi afunge. Akarudi. Akaufunga taratibu, mimi nisikasirike zaidi. Basi. Hilo ndilo nililomwambia mtoto wangu."

Nimeandika yote. Mama amesoma, amesema ni sawa, ila hakusema "mpumbavu," alisema "mjinga." Nimeliacha.

Mdogo wako,
Malachy